Vilima vya Ngong kwa Nusu Siku: Kutoka Lango la Msitu Hadi Kona Baridi

Mkazi wa Nairobi anayetaka kupanda mlima asubuhi na kulala kitandani mwake usiku huohuo hana haja ya kwenda mbali. Vilima vya Ngong viko takribani kilomita 25 kusini-magharibi mwa katikati ya jiji, ndani ya Kaunti ya Kajiado, na matatu moja tu inakufikisha chini yake. Kilele kirefu zaidi, Lamwia, kina mita 2,460 hivi kutoka usawa wa bahari. Tarakimu hiyo inatisha kuliko mlima wenyewe, kwa sababu Nairobi tayari iko karibu mita 1,700 na mji wa Ngong uko juu zaidi ya hapo.

Kinachochosha Ngong ni kupanda na kushuka, kilima baada ya kilima, upepo ukikupiga ubavuni njia nzima. Wengi wanaoshindwa hushindwa kwa jambo moja: wanamaliza nguvu kwenye vilima vya mwanzo, ambavyo ndivyo vyepesi, kisha wanafika Lamwia, kilima cha mwisho, miguu ikiwa imekwisha. Kwa hiyo karibu kila ushauri hapa chini una shabaha moja, nayo ni kuitunzia Lamwia miguu yako, au kuamua mapema kwamba leo hutaifikia.

Kuhusu idadi ya vilima, wapandaji husema ni saba na ramani huonyesha vilele vikuu vinne. Ukianza kuhesabu kwa mapafu yako utapata zaidi ya saba. Usibishane na mtu.

Amua umbali kabla ya kitu kingine

Kuna safari mbili za kweli hapa. Fupi ni kutoka lango la msitu, kupita kwenye mitambo ya umeme wa upepo, hadi kilima chenye minara ya mawasiliano, kisha kurudi ulikotoka. Hiyo humaliza saa mbili hadi tatu na inafaa watoto, wazee wenye magoti mazuri, na mtu ambaye hajatembea umbali wowote tangu mwaka uanze. Mandhari yake si ya kudharauliwa hata kidogo: Bonde la Ufa unaliona lote kutoka hapo.

Ndefu ni kuufuata mgongo wa vilima kutoka kaskazini hadi kusini na kutokea Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi. Ni kilomita kati ya 10 na 13 kutegemea ulipoanzia kuhesabu, na mtu wa mwendo wa kawaida huchukua saa nne hadi tano pamoja na mapumziko. Mimi huipendelea hii kwa sababu hurudii njia uliyopita, na kwa sababu mwisho wake kuna nyama choma. Wapo wanaokwenda hadi Lamwia na kurudi langoni. Wana miguu yao. Kwa nusu siku sioni faida yake.

Mkiwa kundi, amueni kabla ya kutoka nyumbani, na muamue kwa kumfikiria aliye mzito wa mwendo kuliko wote. Kundi lililogawanyika katikati ya mgongo ndilo lililo hatarini, kuliko kundi lililotembea polepole pamoja.

Siku na saa

Januari na Februari ndizo nzuri zaidi: ardhi kavu, anga safi. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza njia kuwa utelezi, na mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, hufanya vivyo hivyo kwa siku kadhaa kila zinaponyesha. Juni hadi Agosti ni kukavu lakini kuna baridi na ukungu mzito asubuhi. Unaweza kutembea saa nzima ukisikia mitambo ya upepo ikivuma kando yako bila kuuona hata mmoja. Watu wengine wanaupenda ukungu huo. Kama umekuja kutazama mbali, subiri.

Wikendi kuna watu, na watu ni usalama. Katikati ya wiki ni kimya, na kimya cha mgongo wa Ngong kinataka uwe na askari wa msitu pamoja nawe. Nitarudi kwenye hilo.

Ondoka mjini saa kumi na mbili asubuhi ili saa moja na nusu uwe langoni. Sababu ni tatu. Anga huwa safi zaidi mapema, na milima ya mbali hufunikwa na mawingu kadiri jua linavyopanda. Pili, mgongo mzima hauna kivuli cha kutegemea, na jua la saa sita kwenye kimo hiki huunguza hata pale upepo unapokudanganya kwamba kuna ubaridi. Tatu, katika miezi ya mvua radi hupenda alasiri, na mtu aliyesimama juu ya kilima chenye nyasi fupi ndiye kitu kirefu kuliko vyote hapo, ukiondoa mitambo na minara.

Vya kubeba

Maji kwanza: lita mbili kwa mtu mzima, na usipunguze kwa kuwa kuna baridi. Juu hakuna bomba, hakuna kijito, na mchuuzi wa soda si wa kumtegemea ukishaipita minara. Yabebe kwenye chupa ya chuma au ya plastiki ngumu inayojazwa tena. Tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja ndani ya misitu, mbuga na fukwe zilizohifadhiwa, na chupa ya maji ya dukani ni mojawapo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tangu 2017, hivyo chakula kitie kwenye kikopo au mfuko wa kitambaa.

Chakula kiwe kile kisichohitaji starehe: mayai ya kuchemsha, chapati iliyokunjwa, ndizi, njugu karanga, viazi vitamu au nduma zilizochemshwa usiku uliotangulia. Kula kidogo kila kilima badala ya mlo mmoja mkubwa. Pilau ya kushiba saa nne asubuhi ni adui wa kilima kinachofuata.

Nguo ziwe za tabaka. Fulana nyepesi ndani, sweta juu yake, kisha jaketi la kuzuia upepo na mvua. Utaanza umevaa vyote, utavua viwili kwenye mpando wa kwanza, utavivaa tena ukisimama kupumzika. Suruali ya jinzi ikilowa hukaa nzito hadi jioni, iache nyumbani. Kofia iwe na kamba ya kidevuni, kwani upepo wa Ngong umekwisha kupeleka kofia nyingi Bonde la Ufa.

Viatu havihitaji kuwa buti za bei kubwa. Raba zenye meno chini, zilizokwisha kuzoea mguu wako, zinatosha wakati wa kiangazi. Raba za kukimbilia zenye soli laini zitakuteleza kwenye changarawe za mshuko hata kama hakujanyesha. Vaa soksi nene kidogo na ukate kucha za vidole vya miguu siku moja kabla. Linaonekana jambo dogo, lakini kwenye mshuko mrefu wa mwisho vidole hugonga mbele ya kiatu mfululizo, na kucha ndefu hulipa gharama hiyo kwa wiki kadhaa.

Ongeza: mafuta ya kukinga jua, karatasi za chooni (na kikopo cha kurudishia zilizotumika), plasta za malengelenge, simu yenye chaji kamili ikiwa na ramani iliyopakuliwa, kitambulisho, na noti ndogondogo za boda boda. Mwenye magoti mabovu abebe fimbo. Atadharauliwa kwenye vilima vya mwanzo na kuonewa wivu kwenye vya mwisho.

Kufika langoni

Matatu za namba 111 hutoka katikati ya jiji, upande wa Railways, na kufuata barabara ya Ngong kupitia Dagoretti Corner na Karen hadi mji wa Ngong. Asubuhi ya Jumamosi au Jumapili ni mwendo wa saa moja hivi. Ukishuka, chukua boda boda hadi lango la msitu. Waambie tu "gate ya KFS", yaani ya shirika la misitu, na watakuelewa. Unaweza kutembea kutoka mjini, lakini ni mpando wa lami usio na cha kutazama, na miguu hiyo unaitaka baadaye.

Mwenye gari anaegesha langoni. Swali lake ni jinsi ya kulirudia akiisha kutokea Kona Baridi, na jibu ni rahisi: boda boda hadi Kiserian, kisha matatu ya barabara ya Kiserian–Ngong, kisha boda boda kupanda langoni. Mkiwa na magari mawili, moja litangulie kuachwa upande wa Kona Baridi.

Kabla ya kutoka mjini, nunua chochote unachokosa. Choo kitumie langoni.

Langoni: malipo na askari

Eneo hili liko chini ya Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, KFS. Kiingilio hulipwa kwa simu, na viwango vya raia, mkazi na mgeni hutofautiana sana. Viwango hivyo hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo vitazame kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, usiku uliotangulia badala ya kutegemea alichokuambia rafiki aliyekwenda mwaka juzi. Hakikisha una salio M-Pesa na bando, kwani foleni ya wikendi ikikwama mara nyingi imekwama nyuma ya mtu ambaye simu yake haina intaneti.

Sasa askari. Wizi wa kunyang'anya watembeaji simu na mabegi umewahi kuisumbua Ngong, hasa kwenye mabonde yaliyo kati ya vilima, ng'ambo ya minara. Ndiyo sababu KFS hutoa askari wenye silaha wa kusindikiza makundi kwa ada ya ziada. Kama ni safari fupi ya wikendi, watu ni wengi na unaweza kwenda bila yeye. Kama ni safari ndefu, mchukue. Ukiwa peke yako au wawili, ungana na kundi lingine langoni na mgawane gharama. Hakuna anayeona ajabu, na mara nyingi askari mwenyewe ndiye huwaunganisha. Makundi ya wapandaji milima ya Nairobi huweka yote haya, usafiri wa basi, kiingilio na askari, kwenye bei moja, na kwa safari ya kwanza ni njia nzuri.

Kumbuka askari ana mwendo wake. Anapanda vilima hivi kama kazi, nawe umetoka kwenye kiti cha ofisi. Mwambie mapema kwamba aliye nyuma ndiye atakayeweka mwendo.

Vilima vya mwanzo: punguza mwendo

Kutoka langoni njia ni pana na nyasi ni fupi, ng'ombe na mbuzi wakichungwa kati ya mitambo ya upepo. Mitambo miwili ya kwanza ilisimamishwa hapa mwaka 1993, msaada wa serikali ya Ubelgiji, na baadaye kampuni ya KenGen ikaendelea kuongeza hadi kufikia uwezo wa megawati 25.5. Ukisimama chini ya mmoja utaelewa kwa nini walipachagua: upepo huja zaidi kutoka mashariki, unavuka uwanda wa Athi bila kizuizi, kisha unakutana na ukuta huu.

Hapa ndipo watu wanapojimaliza. Asubuhi kuna baridi, mwili una nguvu, na kila mtu anataka picha kwenye kilima kinachofuata. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Kwenye mpando mkali fupisha hatua badala ya kuongeza nguvu, kanyaga kwa wayo mzima, na pale penye upana nenda mshazari. Aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam jana atahisi kifua kimebana kidogo. Ni kimo, mwili wake haukuzoea, naye asijilazimishe kufuatana na watu wa Limuru.

Kilima chenye minara ya mawasiliano ndipo pa uamuzi. Kaa upande wa magharibi, hatua chache chini ya mgongo, ambako upepo hupungua, unywe maji na utazame saa. Ikiwa ni saa tatu au kabla yake, kila mtu ana maji zaidi ya nusu na hakuna anayelalamikia goti, endeleeni. Ikiwa imefika saa nne na nusu na kundi limetawanyika, rudini. Jicho la askari hapa ni la kuaminiwa: ameona nyuso nyingi zikisema "niko sawa". Na msiupige picha mtambo wowote wenye uzio na mlinzi bila kuuliza.

Kusoma mgongo

Ngong ni masalia ya volkeno ya kale. Bonde la Ufa lilipopasuka, upande wa magharibi ulikatika na kudidimia, na kilichobaki ni ubavu huu mmoja. Jambo hilo la miamba lina kazi ya moja kwa moja kwa mtembeaji. Magharibi ni mteremko mkali, watu wachache, barabara mbali. Mashariki kunashuka taratibu zaidi, kuna mashamba na nyumba, na chini kabisa kuna lami ya Ngong–Kiserian. Mtu akiteguka mguu au radi ikianza, mnashuka mashariki, kamwe si magharibi.

Njia yenyewe hufuata mgongo, kwa hiyo siku ya anga safi hakuna kupotea. Ukungu ukiingia, vijia vya ng'ombe huanza kukuita pembeni. Kanuni ni hii: kila mshuko wa njia sahihi hufuatwa na mpando baada ya muda mfupi. Ukijikuta unashuka tu bila kupanda tena, umetoka mgongoni. Geuka, panda hadi ulipoachia njia. Siku hiyo upepo pia ni dira. Ukielekea kusini, mara nyingi utausikia bega la kushoto.

Hapa katikati ndipo penye utamu wa kutazama. Kushoto ni Nairobi, na asubuhi iliyo safi majengo marefu ya jiji yanahesabika. Kaskazini zaidi, bahati ikikuangukia, Mlima Kenya. Kulia ni Bonde la Ufa, likiwa na Longonot na Suswa, volkeno mbili zenye kreta. Chini upande wa kaskazini imepita reli ya kwenda Naivasha iliyofunguliwa 2019, ambayo imetobolewa ardhini hapa Ngong kwa handaki la kilomita 4 na nusu. Kilimanjaro huonekana kusini siku chache, na huonekana mapema.

Mtakutana na wachungaji wa Kimaasai, mara nyingi vijana. Wasalimieni, "sopa" hujibiwa kwa "epa", kisha Kiswahili kinaendelea. Picha iombwe kwanza. Mbwa wa mifugo akibweka, simameni, mwacheni mwenyewe amwite, msikimbie wala kuokota mawe.

Kuna wanaoulizia kaburi la Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani Mwingereza aliyekufa kwa ajali ya ndege huko Voi mwaka 1931. Liko kwenye miteremko ya mashariki, nje ya njia hii. Linataka siku yake.

Lamwia na mshuko

Mabonde madogo kabla ya Lamwia yana vichaka na miti, njia ni nyembamba, na udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Kundi likae karibu, simu mifukoni. Kabla ya kuuanza mpando wa mwisho kaeni dakika kumi, mle kilichobaki, mfunge kamba za viatu upya. Kisha pandeni kwa vituo: chagua jiwe au kichaka mita hamsini mbele, fika, vuta pumzi, chagua kingine. Usitazame juu. Lamwia ina tabia ya kuonyesha kilele ambacho si kilele.

Juu, kusini kunafunguka: nchi ya Magadi, kavu na ya rangi ya majani yaliyoungua, na mlima Olorgesailie katikati yake. Vaeni majaketi mara moja, maana jasho likikutana na upepo huo mwili hupoa upesi.

Kushuka ndiko kunakoumiza zaidi ya kupanda, ingawa hakuna anayekuamini hadi kesho yake. Kaza kamba za viatu sehemu ya juu ili mguu usiteleze mbele, kunja magoti kidogo, hatua fupi, na kwenye changarawe elekeza miguu upande badala ya moja kwa moja. Usikimbie hata vijana wakikupita wakikimbia.

Kona Baridi na kurudi

Ukifika lami, saa itakuwa sita au sita na nusu. Agiza nyama kwanza, kisha ndipo unawe, kwa maana mbuzi wa kuchoma hachukui chini ya saa nzima. Maeneo ya nyama choma yapo kando ya barabara ya Magadi na mengine Kiserian, ambako bei kwa kawaida ni nafuu na nyama haina tofauti. Ugali, kachumbari, chumvi ya kutosha. Mwili umeipoteza njiani.

Matatu za kutoka Magadi hupita Kona Baridi kwa nadra na hufika zimejaa, kwa hiyo boda boda hadi Kiserian ndiyo njia ya uhakika, kila abiria na pikipiki yake na kofia ngumu. Kutoka Kiserian magari ya mjini ni mengi, kupitia Rongai na barabara ya Lang'ata. Ondokeni kabla ya saa tisa alasiri. Baada ya hapo, Jumapili hasa, foleni ya Rongai inaweza kuchukua muda uleule mliotumia juu ya vilima.